Misumari ya Jahazi

Begi lile nililinunua Mombasa, kwenye kibanda cha kando ya barabara, kwa shilingi 1,200. Lilikuwa jeusi, lina mifuko saba, zipu za rangi ya fedha, na mikanda ya begani iliyojazwa sponji. Nilirudi nalo Matondoni nikijiona nimekamilika: pikipiki ninayo, helmeti ninayo, koti la kung'aa ninalo, na sasa nina begi la mgongoni la kubebea vitu vya watu. Mamangu alilining'iniza kwenye kidole, akaivuta mikanda huku na huku, akanirudishia. "Mwanangu," akasema, "mzigo hauatwi ukiteza." Kwetu kuata ni kuacha, na kuteza ni kucheza. Nilimwitikia kwa adabu, lakini sikumsikia.

Nayasema haya leo kwa sababu Mwenyezi Mungu amenibakisha, na kwa sababu kila wiki nawaona vijana wa boda wakipita na mabegi kama lile langu, mikanda imelegea hadi kiunoni, mzigo unaruka nyuma yao kama mtoto asiyetaka kubebwa.

Wengi wanaijua Lamu kwa mji wake wa kale, ule ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001. Matondoni iko upande wa pili wa kisiwa, magharibi, pametazamana na mikoko na bara. Wanaume wetu wanajulikana kwa kuunda majahazi na mashua, wanawake kwa kusuka mikeka, vikapu na mikoba ya miyaa, yaani majani ya mkoma. Kati yetu na mji kuna njia ya mchanga inayopita mashambani, kwenye minazi na miembe. Kwa miguu ni mwendo wa saa mbili ikiwa huna mzigo. Pikipiki zilifurika Kenya baada ya Serikali kuziondolea zile ndogo kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008, lakini kisiwani kwetu punda aliendelea kuwa gari na lori kwa muda mrefu. Hata sasa ndani ya vichochoro vya mji wa kale ni yeye tu. Sisi wa boda tunashusha pembeni mwa mji, na mzigo unaendelea kwa punda, kwa mkokoteni au kichwani.

Kazi yangu ilikuwa kuunganisha pande hizo mbili. Asubuhi nilipeleka mikoba na mikeka ya kina mama, jioni nikarudi na dawa, vocha, daftari za shule, vipuri vya mashine za boti. Mizigo mikubwa ilikaa kwenye keria. Ile midogo, ya thamani au inayovunjika, ilikaa mgongoni. Niliamini mgongo ndio mahali salama kuliko pote.

Ilikuwa Januari 2020, kaskazi imeshika. Asiyejua njia yetu hudhani mvua ndiyo hatari, kumbe mchanga uliokauka wa kaskazi ni mbaya zaidi, maana hauna mshiko, tairi linaogelea. Fundi mmoja wa majahazi aliniagiza kilo 12 za misumari ya inchi sita na kichwa kipya cha tezo. Keria ilikuwa na gunia la mchele la mteja mwingine. Nikaitia misumari ndani ya begi, ikashuka yote chini ikatuna kama tumbo. Kichwa cha tezo, kwa kuwa ni cha bei, nilikificha mfuko wa ndani kabisa, ule unaogusa mgongo.

Anayeendesha kwenye mchanga hapaswi kubana usukani. Unaurudisha uzito nyuma kidogo, unashika mafuta bila kukatakata, unauacha usukani uyumbe upendavyo, na breki ya mbele unaisahau. Hayo nilikuwa nayajua. Kwenye kona yenye mwembe mkubwa nilijilaza kulia kama siku zote. Mwili wangu ukaenda kulia, pikipiki ikaenda kulia, begi likabaki kushoto. Lilibaki kwa kitambo kidogo tu, pengine mfano wa kupepesa jicho, kisha likaja lote kwa pamoja, kilo 12 zilizochelewa, likanisukuma nilipokuwa tayari nimeshalala. Tairi la mbele likazama.

Nakumbuka mambo matatu. Nilipokuwa hewani begi lilipanda mgongoni likaigonga helmeti kwa nyuma, likanisukuma uso mchangani kana kwamba mtu amenikalia kisogo. Kisha kitu kigumu kilinipiga chini ya bega. Halafu ikawa kimya, injini tu ikiunguruma peke yake, na misumari imetapakaa njiani ikimeremeta, kwa sababu zile zipu za rangi ya fedha zilikuwa zimefumuka kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mtulinga wa kulia ulivunjika. Hospitalini daktari alinionyesha picha, kisha akamwita mwenzake aje kuutazama mgongo wangu, maana kichwa cha tezo kilikuwa kimejichora pale kama muhuri. Akaweka vidole vitatu kati ya alama ile na uti wa mgongo. Hakusema kitu kwanza. Baadaye, akinifunga mkono, aliniambia nisiweke tena chuma mgongoni, wala kufuli, wala spana, wala chupa ya kioo. Kitu laini ndicho kikae upande wa mwili, na kigumu, ikibidi, kiwe nje kabisa. Mpaka leo nikimwona kijana ametia pampu na spana kwenye begi, ule mgongo wangu unajikunja wenyewe.

Siku ya tatu yule fundi alikuja kunitazama. Nilidhani amekuja kudai. Alikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo mlikuwa na misumari yake. Watoto wa madrasa walikuwa wameiokota moja moja, wakaisuuza mchanga, wakaihesabu: 291. "Imepungua kidogo tu," alisema, akaiweka ndoo chini, akaniuliza kama nakula vizuri. Hakutaja bei.

Nilikuwa nalipa mkopo wa pikipiki kila wiki. Nilijipa miezi mitatu: mfupa uunge, nirudi kazini, nilipe malimbikizo. Lakini katikati ya Machi mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya, na tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Wageni wakakatika. Mikoba ya kina mama ikalala madukani haina wa kuinunua. Misikiti ikafungwa, na Ramadhani ya mwaka ule tukaswali tarawehe majumbani. Wiki chache baadaye wakopeshaji walituma watu wawili. Waliichukua pikipiki asubuhi na mapema, tanki lina mafuta niliyoyaweka kabla ya kuanguka. Sina neno nao, mkataba niliusaini mwenyewe. Lakini nilikaa barazani mkono umefungwa kifuani, nikasikia mlio wake ukienda zake kwenye njia ile ile, nikalia, na mamangu akajifanya hakuniona.

Miezi iliyofuata nililishwa na miyaa. Mwanamume wa miaka 29 anakula kutokana na vidole vya mama yake! Aliamka baada ya alfajiri, akachana majani, akasuka ukili, mita baada ya mita, akaukunja kama mkanda wa kupimia. Hata wateja walipokuwa hakuna, alisuka. Siku moja bila maneno alinipa ncha ya ukili niishike kwa mkono wa kushoto huku yeye akivuta ili unyooke. Kesho yake akanipa shazia, ile sindano nene ya kushonea mikeka. Nilikuwa nikishona vibaya, alikuwa akifumua usiku, na asubuhi ananipa tena. Nikiulizwa ni nini kilichonitoa kwenye giza lile, najibu ni shazia ile.

Mtaa wa pili kulikuwa na mzee mmoja, fundi wa matanga, ambaye sisi sote tulimwita ami. Ujanani alisafiri na majahazi ya boriti hadi Arabuni, zamani hizo kabla Serikali haijapiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982. Nilianza kwenda kukaa kwake nyakati za alasiri, nikimshikia kitambaa akishona.

"Masalkheri, ami."

"Masalkheri mwanangu. Bega laendeleaje?"

Siku hiyo nilimwambia yote, kona, misumari, begi. Akasikiliza huku akipitisha sindano. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mikanda uliifunga wapi?" Nikasema begani. "Na wapi tena?" Nikasema begani tu. Akaiacha sindano.

"Sikia. Sisi boriti tulizilaza chini, ndani ya ngama, zikafungwa, na palipobaki nafasi tukaziba. Hatung'oi nanga mpaka nahodha amepita kuzisukuma kwa mguu. Uzito si kitu, mwanangu. Jahazi lapenda uzito, ndiyo maana likiwa tupu tulilitia mawe ya farumi. Shehena ikihama, hapo ndipo soma shahada."

Mamangu alikuwa ameniambia jambo lile lile kwa maneno matatu.

Tukaanza kushona. Ami alikuwa na tanga chakavu la mashua, merikani nzito iliyopigwa jua na chumvi mpaka ikawa laini kama shuka. Jina hilo la merikani lina historia yake: ni pamba iliyoletwa pwani yetu na wafanyabiashara wa Salem, kule Massachusetts, katika karne ya 19, siku za Sultani Sayyid Said, aliyefunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Nguo ile iliwavika watu, ikavika milingoti, na sasa inanivika mgongo. Siku hizi mabegi ya matanga makuukuu yanashonwa Lamu na kuuzwa kwa wageni, mazuri sana. Letu lilikuwa la kazi.

Kipimo tulikichukua nimekaa kwenye gogo, kama nimepanda pikipiki, helmeti kichwani. Hili ndilo kosa la kwanza la wanunuzi: begi hulijaribu wamesimama, na anayesimama si anayeendesha. Ukiinama mbele kushika usukani, begi hupanda. Sehemu ya juu ilitakiwa ikomee chini ya shingo, ili nikiinua kichwa kutazama mbali helmeti isigote. Chini lilikomea shubiri moja juu ya kiti, kwa sababu likigusa kiti kila shimo hulirusha na mabega ndiyo yanayolipokea. Nilikuwa nalitaka kubwa. Ami alikataa. "Mfuko mkubwa hujazwa," alisema, na ni kweli. Nafasi ikiwepo utaona haya kumkatalia jirani. Tukafanya la kiasi cha lita 20. Tangu hapo sijabeba zaidi ya kilo tano au sita mgongoni.

Zipu hatukutia kabisa. Mchanga na chumvi ya bahari huitafuna zipu, na siku ya kufumuka ndiyo siku ya ajali. Mdomo tuliufanya mrefu, unakunjwa mara tatu kisha unafungwa pembeni kwa kijiti kinachopita kwenye kitanzi, kama kamba za mashua zinavyofungwa. Maji hayaingii. Hapo zamani nilitegemea majuala: kila kitu nilikitia ndani ya mfuko wa plastiki kwanza. Tangu Agosti 28, 2017 mifuko hiyo ilipopigwa marufuku, nilikuwa nimeshalowesha daftari za watu na dawa za mgonjwa mmoja mara mbili, na kuona haya mara mbili. Ndani ya begi la ami tulishona bitana ya turubai, na kitako tukakifanya cha tabaka mbili.

Mikanda ya begani ilikuwa na upana wa vidole vinne. Mwembamba hukata damu ya mkono, na mkono uliokufa ganzi haushiki breki. Ncha zote tulizikunja na kuzishonea, pasiwe na utepe unaoning'inia. Utepe mmoja ukinaswa na mnyororo au spoki, yamekwisha. Kisha mkanda wa kifuani, kisha wa kiunoni. Hii miwili watu huiona ni mapambo ya wapanda milima. Mimi nawaambia ndiyo begi lenyewe. Ile ya begani ni ya kulitundika tu. Wa kiunoni huukaza uzito chini, karibu na mwili, na wa kifuani huzuia mikanda isiteleze ukiwa umeinama.

Upande wa mgongo ulikuwa kazi ya mamangu. Alisuka ukili mnene, akaushona tabaka mbili kama jamvi dogo, tukauchomeka ndani ya mfuko wake. Hauna sponji lakini unapitisha hewa, jasho linakauka, na ni mgumu kiasi cha kutandaza pigo. Alama ya tezo ilipokuwa imekaa mgongoni kwangu, yeye aliisuka mara mbili zaidi. Sikumwomba.

Mwisho tulikata vipande vya koti langu la kung'aa lililochanika siku ile, tukavishonea nyuma, juu kidogo, palipo wazi hata nikiwa na mzigo.

Ami alinifundisha namna ya kulikagua, na hii nawapa bure wote wanaonunua dukani. Tia ndani mchanga wa kilo tano, livae, funga mikanda yote, kaa kama unayeendesha. Tikisa mabega kwa nguvu, kisha tulia ghafla. Ukitulia nalo likatulia, nunua. Likiendelea kutikisika wewe umeshatulia, lirudishe hata kama ni la bei na jina kubwa. Mabegi mazuri ya dukani yapo, sikatai, lakini uliza mkanda wa kifuani uko wapi kabla hujauliza mifuko ni mingapi.

Lakini misumari? Misumari haikuwa ya mgongo tangu mwanzo. Jibu lilikuwa limesimama barazani kwa jirani, likila maganda ya embe: punda, na mgongoni mwake shogi, lile fuko refu la miyaa linalolala juu yake na kuning'inia pande mbili. Wanawake wetu wamesuka mashogi kabla hakujazaliwa pikipiki. Uzito uko chini, kulia sawa na kushoto, na mgongo wa mnyama umewekewa soji ili usichubuke. Mamangu alinisukia shogi fupi la kukaa nyuma ya kiti, na tuliliinua pande zote mbili hadi likawa mbali na bomba la moshi na mnyororo. Vizito vyote vinakaa humo. Na nikiwa na abiria begi nalivua kabisa, kwa maana begi mgongoni mwa dereva humsukuma abiria nyuma ya ekseli, mbele ikawa nyepesi, na mchangani mbele nyepesi ni balaa. Abiria huliweka mapajani.

Nilirudi kazini mwishoni mwa mwaka ule kwa pikipiki ya mtu, nikipeleka hesabu kila jioni na kubaki na kidogo. Miezi ya mwanzo kila nilipofika kwenye ule mwembe nilishuka nikaisukuma. Watoto walinicheka. Kisha siku moja sikushuka, na sikutambua kuwa sikushuka mpaka nimeshafika mjini. Nililipa deni la hospitali, nikalipa la duka, na baada ya muda nikanunua pikipiki kuukuu, ya fedha taslimu safari hii.

Ami hakuwahi kuniona nayo. Alifariki kwenye masika, Mungu amrehemu. Sindano yake ninayo mimi.

Jahazi la yule fundi lilichukua muda kumalizika, maana mwaka ule mbao na fedha vyote vilikuwa adimu. Siku ya kulishua, maji yalipojaa, kijiji kizima kilikuwa ufukweni na kamba mbili ndefu. Ubavuni mwa jahazi niliziona safu za vichwa vya misumari, zimefunikwa na kalafati na mafuta ya sifa, na sikuweza kutambua ni ipi iliyowahi kulala mchangani. Fundi alinipigia kelele nisimame pembeni, ana watu wa kutosha. Nikakaza mkanda wa kifuani, nikaukaza wa kiunoni, nikaishika kamba kwa mikono miwili. Nilivuta pamoja na wenzangu. Nyuma yangu mamangu alikuwa amesimama na kina mama wengine, na nilijua bila kugeuka kwamba halitazami jahazi, analitazama bega langu la kulia.